Gari la gesi linamisi silinda namba 2: redusa iache kwanza

Swali: Gari langu lina injini ya petroli ya lita 1.8, silinda nne, koili moja juu ya kila plagi. Lilifungwa mfumo wa gesi ya LPG wenye injekta nne, na tangu hapo limetembea kilomita 50,000. Sasa likiwa kwenye gesi linamisi, yaani silinda inaruka zamu yake ya kuwaka: linatetemeka kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta), na likipanda mlima linavuta na kuachia. Nikirudisha petroli linatulia, isipokuwa asubuhi hutikisika kama dakika moja hivi. Skana inasoma P0302, tukiifuta inarudi. Fundi amebadilisha injekta zote nne za gesi, hali ni ileile. Sasa anasema tatizo ni redusa. Nikubali?

Jibu: Usikubali bado. Redusa, yaani kifaa kinachogeuza gesi ya maji kutoka tangini kuwa mvuke na kupunguza msukumo wake, ni moja na inalisha silinda zote nne. Ikichoka, injini nzima huishiwa nguvu, na skana mara nyingi husoma P0300, yaani kumisi kunakoruka kutoka silinda moja hadi nyingine, au misimbo kadhaa kwa mkupuo pamoja na P0171 ya mafuta kidogo kwa hewa nyingi. Wewe unapata P0302 peke yake, kila mara. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Kwa hiyo tunatafuta kitu ambacho silinda namba 2 inacho peke yake: plagi, koili, injekta na waya zake, hozi na nozeli ya gesi, vali zake. Redusa haimo kwenye orodha hiyo.

Halafu kuna ile dakika moja ya asubuhi kwenye petroli. Umeitaja kama jambo dogo, lakini ndiyo yenye uzito kuliko yote uliyoandika. Gari linalowaka kwa petroli na bado linatikisika linasema tatizo haliko kwenye gesi peke yake. Gesi imelianika tu.

Fahamu pia kwamba kompyuta ya gari haioni cheche wala gesi. Inasoma mwendo wa krenki kupitia sensa yake, na zamu ya silinda fulani ikifika krenki ikapungua kasi, inaandika kwamba silinda hiyo imemisi. Msimbo unakutajia silinda, haukutajii sababu. Fundi anayesoma P0302 kwenye gari la gesi na kukimbilia injekta za gesi amebahatisha.

Kabla ya kugusa chochote, mambo ya usalama. LPG ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutulia kwenye mashimo, kwa hiyo gari la gesi halikaguliwi juu ya shimo la gereji, wala ndani ya chumba kilichofungwa. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukifungua bomba lolote la gesi, funga kwanza vali ya tangi, kisha acha injini iwake kwa gesi mpaka iliyobaki kwenye bomba iishe. Na taa ya cheki injini ikianza kumweka-mweka badala ya kuwaka moja kwa moja, ondoa mguu na urudi kwenye petroli. Mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi (kile kichujio cha kusafisha moshi), na masega yakiyeyuka umejiongezea tatizo la pili lililo ghali kuliko la kwanza.

Tenganisha nishati kwa haki

Kila mtu hufanya jaribio la kubadili swichi: gesi inamisi, petroli haimisi, basi ni gesi. Jaribio hilo lina mtego. Kompyuta ya petroli hujifunza. Gari likitembea muda mrefu kwenye gesi iliyosetiwa vibaya, kompyuta huhifadhi fidia ya mafuta ya muda mrefu, tuseme asilimia 18 ya ziada, na ukibadili kwenda petroli inaanza na fidia hiyohiyo. Petroli inaingia nyingi kupita kiasi, na wewe unadhani hata petroli ina tatizo. Kinyume chake pia hutokea: fidia iliyozidi inaweza kuficha kasoro halisi ya petroli.

Kwa hiyo futa misimbo na fidia kwa skana, kisha endesha kilomita 20 hadi 30 kwenye petroli tu, zikiwemo foleni na mlima uleule unaolisumbua gari. Pandisha kwa gia kubwa na mguu umezama, kwa sababu huko ndiko cheche hubanwa zaidi. Kama P0302 inarudi kwenye petroli, achana na mfumo wa gesi kabisa kwa sasa. Kama hairudi, angalia kihesabu cha misi cha kila silinda kwenye skana, ikiwa gari lako linacho. Silinda namba 2 inayoandika misi 15 wakati nyingine zinaandika sifuri imeshajieleza hata kama taa haijawaka.

Kisha rudi kwenye gesi na utumie kitu ambacho mafundi wengi wanacho kwenye kompyuta zao lakini hawakigusi. Programu nyingi za mifumo ya gesi yenye injekta huruhusu kuirudisha silinda moja kwenye petroli huku nyingine tatu zikibaki kwenye gesi. Injini ikiwa kwenye sailensi na imepata moto, rudisha namba 2 kwenye petroli. Mtetemo ukitoweka, tatizo liko kwenye njia ya gesi ya silinda hiyo, au cheche yake ni dhaifu kiasi cha kumudu petroli tu. Usipobadilika, liko kwenye cheche au ndani ya injini. Na ukizidi kuwa mbaya? Hapo shuku kwamba waya zimepishana: aliyefunga alikata waya wa injekta ya petroli ya silinda moja na kupeleka gesi kwenye silinda nyingine. Unapohamisha chaneli namba 2, silinda moja inapata petroli na gesi kwa pamoja, nyingine haipati chochote. Gari la namna hiyo linaweza kutembea miaka, likisumbua kidogo tu kila ukikanyaga mafuta ghafla.

Hakikisha pia unajua namba 2 ni ipi. Kwenye injini nyingi za silinda nne namba 1 ni ile ya upande wa mkanda au cheni, lakini zipo zinazohesabu kutoka upande wa gia boksi.

Cheche ndiyo mshukiwa wa kwanza

Mchanganyiko wa gesi na hewa hupitisha umeme kwa shida kuliko wa petroli, kwa hiyo koili inalazimika kupandisha volteji zaidi ili cheche iruke. Mlimani, throto ikiwa wazi, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka na volteji inayotakiwa inapanda tena. Koili iliyochoka inayomudu petroli bila wasiwasi inashindwa hapo. Umeme huo mkubwa ukikosa njia rahisi kwenye plagi unatafuta ufa wa kutokea. Ndiyo maana mafundi husema gesi inaharibu plagi, ingawa kwa kawaida plagi ilikuwa mbovu tayari na petroli ilikuwa inaibeba.

Toa koili ya namba 2 na plagi yake, uvitazame kwenye mwanga mzuri. Kwenye kauri nyeupe ya plagi, sehemu inayoingia ndani ya mpira wa koili, tafuta mstari mwembamba mweusi au wa kahawia ulionyooka kutoka juu hadi kwenye chuma, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Huo ni umeme uliokuwa unateleza nje ya kauri badala ya kushuka kwenye ncha. Usihangaike kuufuta, hauponi. Geuza na mpira wa koili: ndani yake, mkabala na mstari huo, mara nyingi utakuta alama inayofanana, au unga mweupe. Vyote viwili vinabadilishwa pamoja, kwa sababu mpira wenye njia hiyo utaichora plagi mpya ndani ya muda mfupi. Kama shimo la plagi lina oili, gasketi ya kifuniko cha vali imechoka, na oili huuoza mpira huo.

Gepu ya plagi, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili, kwa gesi iwe ndogo kuliko ya petroli kwa milimita 0.1 hadi 0.2. Kitabu kikisema 1.0 au 1.1, weka 0.8 hivi. Pima kwa fila geji (vile bapa vya chuma vya unene maalumu) hata kama plagi ni mpya. Plagi zenye ncha nyembamba za iridiamu usizikunje kwa kugongesha wala kwa kifaa kinachokandamiza ncha ya katikati. Nunua zinazokuja na gepu unayoitaka. Wala usibadili namba ya joto ya plagi kwa kusikia tu kwamba gari la gesi linataka plagi baridi. Anza na namba ya mtengenezaji. Na usisome rangi kwa macho ya petroli: plagi ya gesi huwa safi na yenye rangi hafifu kwa sababu gesi haiachi masizi mengi, kwa hiyo weupe peke yake si ushahidi wa mafuta kidogo. Muda wa kubadilisha ukate hadi nusu ya ule wa kwenye petroli.

Kipimo cha uhakika hakigharimu kitu. Hamisha koili ya namba 2 uipeleke namba 3, ya 3 ije 2. Futa msimbo, endesha mlima uleule kwenye gesi. Ukipata P0303, koili ndiyo. Ukibaki P0302, rudia kwa plagi. Badilisha kimoja kwa safari moja. Ukihamisha vyote viwili kwa pamoja utajua tatizo limehama lakini hutajua limehama na nini.

Usichomoe koili injini ikiwaka kwa gesi ili kusikiliza silinda ipi imekufa. Gesi ya silinda hiyo inakwenda nzima kwenye ekzosi ya moto. Chomoa soketi ya injekta badala yake.

Upande wa gesi wa silinda namba 2

Injekta umeshabadilisha, kwa hiyo hapa ni haraka. Pima kwa mita ya umeme ukinzani wa injekta zote nne: ziwe sawa, na zilingane na aina iliyochaguliwa kwenye programu, kwa sababu zipo za omu 1, za omu 2 na za omu 3, na kompyuta iliyosetiwa kwa aina moja haiziendeshi nyingine vizuri. Angalia soketi ya namba 2 kama ina kutu ya kijani. Tazama hozi kutoka kwenye injekta hadi kwenye manifoldi: isikunjwe, isipasuke, na urefu wake ulingane na za wenzake, fupi iwezekanavyo. Hozi ya namba 2 yenye sentimita 25 wakati nyingine zina 12 inachelewesha gesi kwa silinda hiyo tu. Fungua nozeli yenyewe uone kama tundu limeziba kwa utelezi mweusi wa mabaki ya gesi, na kama uzi wake kwenye manifoldi umekaza. Nozeli iliyolegea inavuta hewa, na hewa hiyo inaiathiri silinda hata kwenye petroli, hasa kwenye sailensi. Hilo nalo linaweza kueleza asubuhi yako.

Ila kuna swali la kumuuliza fundi: alipofunga injekta mpya, alipima upya ramani ya gesi, yaani jedwali la programu linalopanga kiasi cha gesi? Injekta mpya hazifunguki sawa na zile zilizochoka. Kipimo ni rahisi. Kwenye sailensi, injini ikiwa ya moto, soma muda wa sindano ya petroli (muda ambao kompyuta ya petroli inaamuru injekta ikae wazi) ukiwa kwenye gesi, kisha badili petroli usome tena. Tuseme ni milisekunde 3.2 kwenye petroli. Kwenye gesi ibaki hapohapo, tofauti isizidi asilimia 5 hadi 10. Ikipanda hadi 3.9, kompyuta ya petroli inalia mafuta hayatoshi, na ramani inahitaji kuongezwa. Rudia kwa mizunguko 3,000 na gari likiwa mzigoni, maana ramani inayofaa kwenye sailensi inaweza kuwa mbovu kabisa mlimani. Tazama pia muda wa sindano ya gesi ukiwa umekanyaga mwisho. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi wa silinda ni milisekunde 20. Injekta inayotakiwa kukaa wazi 20 au zaidi haifungi tena, na nozeli zake ni ndogo kwa injini hiyo.

Vali: kipimo ambacho hakuna anayetaka kukifanya

Kama koili na plagi zimehamishwa na P0302 imebaki palepale, acha kununua vitu na upime injini. Petroli inayoingia silinda kama matone hupoza vali na siti zake (chuma ambacho vali hukalia ikifunga) na kuacha utando mwembamba juu yake. Gesi inaingia kavu. Kwenye injini ambazo siti zake ni laini, vali hujichimbia taratibu ndani ya siti, inapanda juu, na ile nafasi ya tapeti, yaani upenyo kati ya vali na kinachoisukuma, inapungua. Ikifika sifuri vali haifungi kabisa, kompresheni inavuja, na silinda inamisi. Gesi iliyosetiwa kwa mafuta kidogo huharakisha kazi hiyo kwa sababu ya joto.

Dalili zake zinafanana na zako. Injini hutikisika kwenye sailensi, na ukikanyaga hadi mizunguko 2,000 inatulia, kwa kuwa mgandamizo hauna muda wa kuvuja. Kuna injini zinazosumbua zikiwa baridi, nyingine zikiwa za moto, kutegemea jinsi hedi na vali zinavyotanuka. Na jambo la kuwapotosha wengi: gari halipigi kelele. Tapeti iliyolegea hugonga, iliyobana iko kimya. Watu husifia injini imetulia kumbe vali zinaungua.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, gesi imefungwa, injekta za petroli zimechomolewa soketi, koili zimekatwa umeme, throto wazi kabisa, betri imejaa. Injini nyingi za petroli zenye afya hutoa bar 12 hadi 14. Kinachotakiwa zaidi ni silinda kulingana: ikiwa tatu zina 13 na namba 2 ina 10, umepata. Mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye shimo la plagi, pima tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni vali. Mwenye kompresa anaweza kwenda mbele zaidi: peleka pistoni juu kabisa vali zote zikiwa zimefungwa, jaza hewa kupitia shimo la plagi na usikilize inakotokea. Throto ikipumua, ni vali ya kuingiza. Ekzosi ikipumua, ni vali ya kutolea. Mdomo wa oili ukipumua, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Kisha pima tapeti kwa fila geji kwa namna kitabu cha gari kinavyoelekeza, baridi au moto. Ukikuta vali ya kutolea inayotakiwa 0.30 ina 0.10, au fila geji ya 0.05 haipiti, sababu ya misi umeishika mkononi. Zilizo na skrubu zinasetiwa muda huohuo; zile za vikombe au sahani zinahitaji saizi mpya, kwa hiyo andika vipimo vyote kumi na sita kabla ya kufungua kamshafti. Seti upande wa kulegea wa kipimo kilichoruhusiwa, hasa vali za kutolea. Pima kompresheni tena: ikirudi sawa, una bahati. Isiporudi, uso wa vali umeshaungua na hedi lazima ishuke.

Injini yenye tapeti za oili zinazojiseti haina cha kuseti. Tapeti hizo hufidia kimyakimya mpaka zifike mwisho wa safari yake, ndipo misi inaanza, na hapo kipimo cha hewa peke yake ndicho kinachosema ukweli.

Baada ya kuseti, rudi kupima kila kilomita 10,000 hadi 15,000. Ukiona nafasi imepungua kwa 0.02 endelea tu. Ikipungua kwa 0.10, siti ni laini na itabidi zifungwe ngumu. Vile vidonge na matone ya kulainisha vali vinaweza kupunguza kasi ya uharibifu, lakini havirudishi chuma kilichokwisha kulika.

Redusa, ikifika zamu yake

Ikitokea yote haya ni mazima, na msimbo sasa ni P0300 badala ya P0302, hapo ndipo pa kumsikiliza fundi wako. Lakini hata hapo redusa haihukumiwi kwa macho. Unganisha programu, endesha, soma namba. Mifumo mingi husetiwa msukumo wa gesi uwe takriban bar 1.0 hadi 1.2 juu ya ule wa ndani ya manifoldi. Ukizama mguu mlimani unaweza kushuka kidogo. Ukishuka kwa zaidi ya bar 0.3 na kubaki huko, gesi haifiki. Anza na filta mbili, ile ya gesi ya maji kwenye vali ya umeme na ile ya mvuke kabla ya injekta, kisha vali ya tangi, ndipo redusa.

Soma na joto lake. Injini ikiwa ya moto redusa iwe nyuzi 70 hadi 90 za Selsiasi. Ikishuka hadi 40 ukiwa unapanda mlima, maji ya moto hayaizunguki ipasavyo: kulanti imepungua, kuna hewa kwenye hozi, au thamostati imekwama wazi. Shika hozi zake mbili za maji kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, maji hayapiti, na redusa mpya itaganda vilevile.

Joto likiwa sawa, filta mpya, na msukumo bado unashuka, redusa ifunguliwe. Mara nyingi seti ya diafragmu na gasketi inatosha bila kununua redusa nzima. Ikishafungwa, msukumo usetiwe upya injini ikiwa ya moto, fidia zifutwe, na ule muda wa sindano upimwe tena kwenye gesi na kwenye petroli kabla hujaondoka gereji.